Namna ya kuchunguza maana ya "rhema" katika Agano Jipya

Kigiriki cha Agano Jipya kina maneno mawili yanayotafsiriwa "neno": logos na rhema. Wahubiri wengi husema kwamba logos ni neno lililoandikwa na rhema ni neno ambalo Roho anamnenea mtu wakati huohuo. Kabla hujaupokea mgawanyo huo, uupime kwa Maandiko yenyewe, kazi isiyohitaji ujue Kigiriki.

Tafuta itifaki, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana, inayotumia namba za Strong (kila neno la asili limepewa namba yake), au programu ya Biblia ya simu inayoonyesha Kigiriki chini ya kila neno. Rhema ni namba 4487, na logos ni 3056. Rhema inaonekana takriban mara 70 katika Agano Jipya, karibu nusu yake zikiwa katika Luka na Matendo, kwa hiyo mistari yote inasomeka kwa jioni chache. Wingi wake ni rhemata.

Kila mstari usome pamoja na sura yake, ukiuliza nani anasema, nani anasikia, na kilichotamkwa ni kipi hasa. Kwa kawaida utakuta usemi fulani uliotoka kinywani: Petro anashusha nyavu kwa neno la Yesu (Luka 5:5), na baadaye analikumbuka lile neno kuhusu jogoo (Mathayo 26:75). Lakini Pilato naye hakujibiwa "hata neno moja" (Mathayo 27:14), na hapo pia ni rhema, ingawa hakuna ufunuo wowote unaozungumziwa.

Usipite haraka katika Luka 1 na 2. Wachungaji wanaposema "tukalione hilo lililofanyika" (2:15), Kigiriki kina rhema, na bila shaka hawakwenda Bethlehemu kutazama sauti. Matumizi haya yanafuata Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, ambamo rhema mara nyingi husimama mahali pa neno la Kiebrania dabar, lenye maana ya usemi na pia ya jambo. Ndiyo maana "hakuna neno lisilowezekana kwa Mungu" (1:37) inasomeka vizuri mno katika Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, maana hata sisi tukisema "pana neno" huwa tunamaanisha pana jambo.

Kisha tafuta mahali ambapo rhema na logos zimekaa pamoja, kwa sababu hapo ndipo mgawanyo ule unapopata shida. Katika Mathayo 12:36, neno lisilo maana ambalo wanadamu watalinena ni rhema, ilhali "hesabu" watakayoitoa ni logos. Mstari unaofuata, "kwa maneno yako utahesabiwa haki", unatumia logos kwa maneno yaleyale ya kinywa. Katika Yohana 12:48, logos ndiyo ambayo Yesu anasema ameinena. Katika Matendo 10:44, Petro anasema rhemata na wasikilizaji wanasikia logos, tena ni hotuba moja. Petro katika waraka wake wa kwanza anaanza na logos (1:23), halafu anamnukuu Isaya kwa rhema (1:25), na kuongeza kwamba neno hilo ndilo lililohubiriwa kwao. Kwa maoni yangu, ushahidi huu unatosha kuonyesha kwamba rhema huelekea zaidi kwenye kilichotamkwa na logos ina uwanja mpana zaidi, lakini mara nyingi waandishi wanabadilishana maneno hayo bila kubadili hoja.

Mwisho, rudi kwenye Warumi 10:17, mstari unaotegemewa sana na wanaofundisha mgawanyo ule: "na kusikia huja kwa neno la Kristo." Usiusome peke yake. Anza mstari wa 8, ambapo Paulo mwenyewe anaeleza rhema hiyo kuwa "ni lile neno la imani tulihubirilo", kisha fuata hadi mstari wa 14, anapouliza watasikiaje pasipo mhubiri. Rhema anayoizungumzia ni Injili inayotangazwa hadharani kwa Myahudi na Myunani, wala hoja yake haihusu ujumbe wa faragha kwa mtu mmoja.