Treni ya modeli inakwama kwenye reli? Usifungue kichwa kwanza

Wengi treni ikianza kusuasua wanakimbilia bisibisi, wanafungua kichwa, na hapo ndo vigia vinaanza kupotea chini ya meza. Tulia. Mara nyingi mota ni nzima, umeme ndo haufiki. Naongelea hizi za HO, yaani saizi moja ya treni za modeli, reli ya upana wa milimita 16.5, DC (umeme wa mkondo mmoja) ya mpaka kama volti 12, umeme unaingia reli hii unarudi na ile.

Angalia inakwama wapi. Ikikwama hovyo hovyo popote, huo ni uchafu. Ikikwama palepale kila mzunguko, shida iko hapo hapo kwenye reli. Ikikimbia karibu na waya za transfoma halafu upande wa mbali inajikokota, ujue umeme unaishia kwenye viungo, vile vibati vinavyoshika kipande na kipande.

Uchafu ni kitambaa na spiriti tu, futa mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Msasa achana nao, unaacha mikwaruzo inayojaa uchafu, na stilwulu ndo usiguse kabisa maana nyuzi zake zinavutwa na sumaku ya mota. Magurudumu nayo: tandika tishu yenye spiriti juu ya reli, weka magurudumu ya upande mmoja wa kichwa kwenye tishu, ya upande wa pili yabaki kwenye reli tupu yavute umeme, shikilia kichwa, washa, utaona mistari myeusi inatokea, kisha geuza.

Sasa viungo. Hapa watu wanadanganywa na mita ya kupimia volti, unapima upande wa mbali unakuta 12 kamili unasema umeme upo, kumbe hakuna kinachovuta umeme. Kiungo kibovu kinajificha mpaka kibebeshwe mzigo! Acha treni juu ya reli ikiwa imewashwa ndo upime, weka ncha moja huku na nyingine kule kwa kiungo, kwenye reli ileile. Kiungo chenye omu 5 tu, kichwa kikivuta ampea 0.4, volti 2 zimeliwa. Kibane kwa koleo taratibu, au bora zaidi chomea kwa risasi jozi nyingine ya waya upande wa mbali, ila usichanganye reli ya kulia na ya kushoto, utapiga shoti.

Na kama taa ya transfoma inazima kabisa, hiyo ni shoti tayari. Toa treni na mabehewa yote. Ikiwaka, mkosaji yuko kati ya ulivyotoa, rudisha kimoja kimoja. Isipowaka, tafuta skrubu iliyodondoka kati ya reli, au ulichora kitanzi kinachorudi kwenye njia yake yenyewe, pale reli ya kulia inakutana na ya kushoto, hapo lazima ukate reli zote mbili kwa viungo vya plastiki, kila mwisho wa kitanzi, na kitanzi kipate swichi yake ya kugeuza umeme. Wenye Märklin, treni za kampuni ya Kijerumani zenye njia ya tatu ya umeme katikati ya reli mbili, hawana hili tatizo.

Transfoma ikizima hata ukichomoa waya zote za reli, nunua nyingine, usiifungue, mle ndani kuna umeme wa ukutani.