Zulia au Mbao? Namna ya Kuchagua Sakafu ya Nyumba, Chumba kwa Chumba

Watu wengi wanapofikia kuchagua sakafu huanza na rangi: hulaza kipande cha zulia na kipande cha ubao kando ya kochi, kisha hujiuliza kipi kinapendeza zaidi. Kwa uzoefu wangu wa ufundi wa sakafu, rangi inapaswa kuwa swali la mwisho. Kinachoamua kama zulia au mbao zitadumu ni hali ya sakafu iliyo chini yake, maji yanayofika chumbani humo, na matumizi ya chumba ya kila siku. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na ni vyema uurudie kwa kila chumba peke yake, kwa kuwa hakuna kinachokulazimu kuweka kitu kimoja nyumba nzima.

Ninaposema zulia, nina maana ya lile linalotandazwa ukuta hadi ukuta na kufungwa pembezoni, si busati linaloweza kukunjwa na kuanikwa. Ninaposema mbao, nina maana ya mbao halisi, ziwe za ubao mzima au za tabaka (mbao halisi juu, plaiwudi chini). Laminati, ambayo uso wake ni picha ya mbao iliyochapishwa, haimo katika mwongozo huu, ingawa wauzaji huipanga rafu moja na mbao.

Hatua ya 1: Pima unyevu na usawa wa sakafu ya chini

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo chanzo cha sakafu nyingi zinazoharibika mapema. Zege linaweza kuonekana kavu kabisa juu huku likiendelea kupandisha unyevu kutoka ardhini. Kata kipande cha plastiki angavu chenye ukubwa wa takriban sentimita 45 kwa 45, kilaze juu ya zege lililofagiliwa vizuri, funga kingo zote nne kwa selotepu pana isiyoacha mwanya wa hewa, kisha kiache kwa saa zisizopungua 16. Ukifunua ukakuta matone upande wa chini wa plastiki, au ukaona zege lililofunikwa limekuwa jeusi kuliko linalolizunguka, ujue maji yanapanda. Fanya hivyo mahali kadhaa: karibu na ukuta wa nje, karibu na mlango wa bafu, na katikati ya chumba.

Kipimo hiki hakitoi namba. Kinaweza kukuonyesha kwamba kuna unyevu, lakini plastiki kubaki kavu hakuthibitishi kwamba sakafu iko salama kwa mbao. Kwa hiyo, kama moyo wako umeelemea kwenye mbao, mwite fundi mwenye kipima unyevu cha zege kabla ya kununua hata boksi moja. Zege jipya lina tatizo lake pia: mafundi hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, na hali ya hewa ya majimaji hurefusha muda huo. Zege la sentimita 10 litahitaji basi takriban miezi minne, na mwenye nyumba anayetaka kuhamia mwezi ujao hapendi kuambiwa hivyo.

Unyevu huharibu sakafu hizi mbili kwa njia tofauti. Ubao unaonyonya maji kutoka chini huvimba upande wa chini kuliko wa juu, kingo zake zikainuka na katikati ikazama, hata ukipita bila viatu unahisi mawimbi kwa nyayo. Zulia halipindi, lakini sponji iliyo chini yake hushika maji, huota ukungu na kutoa harufu ambayo hakuna dawa ya kupulizia itakayoiondoa. Wako wanaodhani kwamba zulia ni suluhisho la sakafu yenye unyevu kwa sababu baada ya kulitandika tatizo halionekani tena. Huko ni kulifunika tu. Ikiwa maji yanapanda, tibu chanzo chake kwanza, au chagua vigae.

Baada ya unyevu, pima usawa. Laza ubao mnyoofu wa mita 3 sakafuni, uuzungushe pande mbalimbali na kutazama mwanya chini yake. Kwa sakafu ya mbao, mwanya usizidi takriban milimita 5 katika urefu huo, vinginevyo mbao zitanesa na kulia kila unapokanyaga. Zulia husamehe mabonde madogo, ila vinundu na nyufa zenye ncha zitalitafuna kwa chini.

Hatua ya 2: Ondoa vyumba visivyofaa

Bafu, choo na chumba cha kufulia visiwekwe zulia wala mbao. Jikoni zulia lisifikiriwe kabisa. Mbao zinawezekana kwa familia inayofuta maji papo hapo yanapomwagika. Kwenye mlango unaotoka nje, matope na mchanga hufanya kazi ya msasa juu ya vanishi na hujikita kwenye mizizi ya nyuzi za zulia, hivyo eneo dogo la vigae na tandiko la kufutia miguu hulinda chochote kinachofuata.

Hatua ya 3: Tazama wanaoishi chumbani na wanachofanya

Sebule, vyumba vya kulala, ngazi na korido ndivyo vyenye uamuzi wa kweli, na hapa unahitaji kujiuliza maswali kwa uaminifu.

Je, kuna watu wanaoishi chini yenu? Zulia lenye sponji nzuri hupunguza sana kishindo cha nyayo, viti vinavyoburutwa na vitu vinavyoanguka. Chini ya mbao unaweza kuweka tabaka la kuzuia sauti, nalo husaidia, lakini halilingani na zulia. Katika ghorofa yenye watoto wanaokimbia, hoja hii peke yake inaweza kutosha kuamua vyumba vya kulala.

Je, kuna mzee au mtoto anayejifunza kutembea? Zulia hupunguza makali ya kuanguka, na kwenye ngazi halitelezi kama mbao zilizopigwa vanishi. Hata hivyo, mtu anayeburuta miguu hujikwaa kwenye zulia lenye manyoya marefu, na kiti cha magurudumu hukwama humo. Kwao zulia la manyoya mafupi lililosukwa kwa kubana, au mbao, ni bora zaidi.

Je, kuna mbwa au paka? Kucha za mbwa hukwaruza vanishi, hasa ile yenye kung'aa, ilhali kucha za paka huvuta vitanzi vya zulia hadi uzi mmoja ukafumuka mstari mzima. Mkojo ndio mtihani mkubwa: kwenye zulia hupenya hadi kwenye sponji, usafi wa juu juu usiufikie, kwenye mbao hufutika kirahisi ukiwahiwa, lakini ukiachwa ukaingia kwenye viungo huacha doa jeusi linalohitaji kupigwa msasa au kubadilisha ubao.

Mwenye pumu au mzio wa vumbi huambiwa mara nyingi kwamba zulia ni adui na mbao ni rafiki. Ukweli unategemea zaidi mkono wa msafishaji. Zulia hushika vumbi na kuwapa makazi wadudu wadogo wa vumbi, hasa penye unyevu, na linahitaji mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio bora, itumiwe angalau mara moja kwa wiki, pamoja na kuoshwa kwa kina kila baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Sakafu ya mbao haifichi vumbi, ila lisipofutwa huinuka hewani kila mtu anapopita. Kama nyumba hiyo husafishwa pale inapowezekana tu, mimi ningechagua mbao kwa ajili ya chumba cha mgonjwa.

Hatua ya 4: Ukielekea kwenye zulia, lisome kwa vidole

Usiliangalie zulia likiwa limening'inia dukani. Chukua sampuli, ikunje kwa nyuma ili manyoya yafunguke, kisha utazame. Ukiona kitambaa cha chini waziwazi kati ya mistari ya nyuzi, zulia hilo lina nyuzi chache na litalala mapema kwenye njia ya kupita watu. Halafu shika ncha ya uzi mmoja: uzi uliosokotwa vizuri hubaki na umbo lake, na uliosokotwa ovyo hufumuka kama brashi iliyochakaa. Mwisho, kandamiza kwa kidole gumba kwa muda kidogo, uachie, uone manyoya yanasimama upesi kiasi gani.

Aina ya nyuzi ina uzito kuliko jina la kampuni. Nailoni husimama tena vizuri baada ya kukanyagwa, hivyo inafaa korido, ngazi na sebule. Poliesta ni laini na hustahimili madoa mengi, lakini hulala haraka, kwa hiyo ipeleke chumba cha kulala. Polipropilini hainyonyi maji, ila hushika mafuta, na msuguano wa samani nzito inayoburutwa unaweza kuiachia alama kwa joto lake. Sufu hudumu, haishiki moto kirahisi na huzuia kwa muda maji yaliyomwagika. Udhaifu wake ni bei, nondo, na kwamba dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini huiharibu.

Sponji ya chini isidharauliwe, na katika ubora wake uzito una maana zaidi kuliko unene. Unene wa milimita 6 hadi 11 hutosha nyumba nyingi. Sponji nene na tepetepe hufurahisha mguu siku ya kwanza, kisha huruhusu zulia kunesa mno hadi viungio vyake viachane.

Hatua ya 5: Ukielekea kwenye mbao, tazama ncha ya ubao

Uso wa ubao hupendeza. Ncha yake ndiyo husema ukweli. Ubao mzima kwa kawaida una unene wa milimita 18 hadi 20, na juu ya ulimi unaoushikanisha na mwenzake huwa na takriban milimita 6 za mbao zinazoweza kupigwa msasa mara kadhaa katika maisha yake. Ubao wa tabaka una mbao halisi juu tu, chini yake kuna plaiwudi. Pima tabaka hilo la juu kwa rula: likiwa na milimita 3 au zaidi, linaweza kupigwa msasa mara moja au mbili, likiwa chini ya milimita 2, hesabu kwamba halitapigwa msasa kamwe. Hata hivyo, ubao wa tabaka hutulia zaidi unyevu unapobadilika na unaweza kugandishwa moja kwa moja kwenye zege, wakati ubao mzima hupigiliwa misumari juu ya plaiwudi au boriti.

Ugumu wa mbao hupimwa kwa njia iliyobuniwa na mtafiti Gabriel Janka mwaka 1906: nguvu inayohitajika kuzamisha golori ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hadi nusu yake. Mwaloni mwekundu wa Marekani hufika takriban nyutoni 5,700 na mweupe takriban 6,000, ilhali msonobari mweupe wa nchi hiyo haufiki 2,000. Namba hizi hukusaidia kujua kiti kitabonyeza kiasi gani. Hazisemi lolote kuhusu mikwaruzo, kwa sababu kinachokwaruzika kwanza ni vanishi, na vanishi isiyong'aa huficha mikwaruzo kuliko ile ya kioo.

Mbao zikifika, zisiwekwe siku hiyohiyo. Ziache ndani ya chumba chenyewe hadi unyevu wake ukaribiane na wa sakafu ya plaiwudi: tofauti isizidi asilimia 4 kwa mbao zenye upana chini ya milimita 75, na asilimia 2 kwa zile pana zaidi. Fundi aache pia mwanya wa milimita 10 hadi 19 kuzunguka kuta, ambao hufunikwa na ubao wa pembezoni. Fundi anayebana mbao hadi ukutani ili kazi ionekane safi anakutengenezea sakafu itakayofura majira ya unyevu.

Hatua ya 6: Linganisha gharama kwa umri

Usilinganishe bei ya mita moja ya mraba tu. Kwa zulia, jumlisha sponji, kutandika, kuondoa la zamani na kuoshwa kwa kina, kisha gawa kwa miaka unayotarajia kulitumia. Katika chumba chenye pilika nyingi, miaka kumi ni umri wa heshima. Kwa mbao, jumlisha plaiwudi au gundi, vanishi, na gharama ya kupiga msasa siku za mbele. Ongeza asilimia 10 ya mbao kwa ajili ya vipande vinavyokatwa. Mabaki ya zulia hutegemea upana wa zulia linapouzwa likiwa limeviringishwa, ambao mara nyingi ni takriban mita 3.66 au 4: chumba chenye upana wa mita 4.2 kitakulazimisha kuunga na kutupa kingi, na manyoya ya vipande vyote lazima yaelekee upande mmoja.

Hatua ya 7: Sasa chagua rangi, kisha agiza

Laza sampuli kubwa sakafuni mwa chumba husika, uzitazame asubuhi, mchana na chini ya taa za usiku. Rangi nyeusi sana ya mbao huonyesha kila punje ya vumbi, na zulia jeupe mlangoni ni kutafuta lawama. Pima pia nafasi chini ya milango, maana mbao juu ya plaiwudi zinaweza kupandisha sakafu kuliko unavyodhani, na upange mapema mahali sakafu mbili zitakapokutana. Chini ya mlango uliofungwa ndipo panapofaa, ili kila chumba kionekane kimekamilika.

Unapoagiza, ongeza boksi moja la mbao, na uombe fundi akuachie mabaki makubwa ya zulia pamoja na jina la vanishi au gundi aliyotumia, kwa ajili ya ukarabati. Mabaki hayo yalazwe ndani ya nyumba, mahali penye hewa sawa na ya chumba, wala si stoo ya nje ambako mbao zitapinda kabla hujazihitaji.