Kabla hujahamia mashambani Marekani

Ukisikia kazi ya kiwanda cha nyama Iowa au Nebraska, akili inakimbilia mshahara. Sawa. Ila kabla hujasaini nyumba ya nje ya mji, nisikilize, maana sisi tulisaini kwanza.

Gari ni lazima. Hakuna daladala wala boda. Kuanzia Novemba mafuta yasishuke chini ya nusu tangi. Ndani weka blanketi, koleo, tochi, maji na cha kutafuna. Ukikwama kwenye theluji usishuke kutafuta msaada kwa miguu. Kaa garini, na kabla hujawasha injini upate joto, fukua bomba la moshi. Likiziba, moshi unarudi ndani na unaweza kulala usiamke.

Kulungu akikatiza barabara, shika breki, usimkwepe.

Maji je? Ukiambiwa ya kisima, ujue yanavutwa na pampu ya umeme. Umeme ukikatika, nayo yamekatika. Jaza madumu, ndiyo, kama kule nyumbani.

Sasa gesi. Huku nyumba nyingi hazijafikiwa na bomba la gesi, kwa hiyo uani unakuta tangi la propani limelala kama boti iliyopinduliwa. Letu ni la galoni 500, karibu lita 1,900, na hujazwa asilimia 80 tu kwa sababu gesi hutanuka kukiwa na joto. Juu kuna kifuniko, ndani yake kisaa cha kuonyesha kiasi kilichobaki. Mimi nilidhani wauzaji huja wenyewe. Wapo wanaokuja, wetu walitakiwa kupigiwa simu, na karatasi niliyosaini ilisema hivyo.

Jumamosi moja ya Januari, nje nyuzi 26 chini ya sifuri, kimya kikaniamsha saa tisa usiku. Mashine ya joto haingurumi. Nikavaa makoti mawili, nikatoka na mwiko wa ugali kukwangua barafu kwenye kifuniko. Mshale umelala kwenye sifuri. Kupiga simu, naambiwa wikendi ina malipo ya ziada, tena tangi likikauka kabisa lazima wapime kama mabomba yanavuja ndipo wawashe. Haya. Lori likafika saa nne asubuhi, likaishia barabarani: njia ya kuingia kwetu ilikuwa na theluji hadi magotini. Mzee jirani, ambaye miezi mitano tulikuwa tunapungiana mkono tu, akaja na trekta akaifungua. Saa nane mchana moto ukawaka, tukashangilia. Jioni ukuta wa jikoni ukaanza kutoa maji. Bomba lilipasuka likiwa limeganda, na sisi tukajua lilipoyeyuka.

Kwa hiyo piga simu kisaa kikisoma asilimia 30, usingoje 10. Zoa theluji kabla lori halijaja. Usiku wa baridi kali acha bomba lidondoshe maji kidogo kidogo. Jua koki kuu ya maji iko wapi. Na namba ya jirani ichukue wiki ya kwanza, mpelekee hata chapati.

Jenereta ikae mita sita au zaidi kutoka nyumbani, si gereji hata mlango ukiwa wazi. Jiko la mkaa ndani, thubutu!

Mengine utayaona: simu inakosa mtandao bondeni, ambulensi inatoka mbali na mara nyingi wahudumu ni watu wa kujitolea, kwa hiyo namba ya nyumba isomeke kutoka barabarani, hata usiku. Dawa ya presha usingoje vibaki vidonge viwili. Na soksi, soksi nyingi, za sufu.