Kijiji kinavyoomba msitu wake uwe wa hifadhi: njia tuliyopita sisi Kilwa

Kabla ya karatasi, tazameni msimu. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa Oktoba huku Lindi, watakaa mwenyekiti na mtendaji wake tu. Wengine wote wako chini ya mikorosho. Masika nayo porini hakupitiki. Julai na Agosti, ufuta umeshauzwa, ndiyo miezi ya kazi hii.

Anzeni na barua. Halmashauri ya kijiji imwandikie mkurugenzi wa wilaya, nakala kwa bwana misitu, kwamba kijiji kinataka kutenga msitu kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Ambatanisheni muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya mahudhurio yenye saini. Sisi tulipeleka muhtasari mtupu, ukarudi. Mkutano huohuo uchague kamati ya maliasili, watu watoke vitongoji vyote, na wanawake wawemo kwelikweli: wao ndio wanaojua kuni zinaokotwa wapi na ming'oko, vile viazi vya porini, inachimbwa wapi.

Kisha mpaka. Hapa msiwe na haraka hata kidogo. Kijiji kisicho na cheti cha ardhi ya kijiji kianzie huko. Chenye cheti nacho kisibweteke, kwa sababu ramani inasema lake na wazee wa kijiji jirani wanasema lao. Utembeeni mpaka wote pamoja na wajumbe wa majirani, na kila kona andikeni mnachokiona kwa macho: mbuyu, mwamba, kichuguu kikubwa. Korongo la msimu lisiwe alama peke yake, maji hubadili njia. Halafu pande zote zisaini palepale porini, kabla hamjaachana. Mkisema "tutasaini kesho ofisini", kesho atatokea mtu mwenye shamba la mjomba wake katikati ya msitu.

Mpaka ukikubalika, bwana misitu na kamati hupima miti kwenye vipande vya sampuli. Unene wa mpingo, mninga na mkongo ndio utakaoonyesha mnaweza kuvuna mingapi bila kuumaliza msitu. Kutokana na hesabu hiyo mnaandika mpango wa usimamizi, na pamoja nao sheria ndogo. Zisomwe mkutanoni kwa sauti, faini baada ya faini, watu wabishane hapohapo. Sheria ndogo zinapita kwenye kata, kisha baraza la madiwani. Baraza hukaa kila robo mwaka. Mkikosa kikao kimoja, mmepoteza miezi mitatu.

Zikipitishwa, wilaya inauingiza msitu kwenye daftari lake. Baada ya miaka 3 mnaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali, ingawa si lazima.

Anayeuliza faida iko wapi, mwambieni habari za Kikole na Kisangi, vijiji vya hapahapa Kilwa. Mwaka 2009 misitu yao ilikuwa ya kwanza Afrika, kati ya misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji, kupata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa bila kuharibiwa. Mpingo ndio unaotengenezewa klarineti Ulaya, na sheria inakiruhusu kijiji kubaki na mrabaha wa msitu wake.

Kwa hiyo fungueni akaunti ya benki mapema, yenye watia saini watatu. Mnunuzi wa kwanza huwa anakuja na noti mfukoni, tena jioni.