Mgonjwa wa stroki hasomi uso wako? Fanya hivi

Babangu alipata stroki upande wa kulia wa ubongo, akarudi nyumbani Umoja anaongea vizuri na majina ya watu wote wa ploti anayakumbuka, tukadhani amepona. Siku moja nikamwagikiwa na mafuta ya mandazi mkononi, nimeuma meno machozi yanatoka, nikamgeukia, ananiangalia tu alafu anauliza, "Na chai bado?" Niliumia roho wiki nzima nikijua hanijali. Kumbe uso wangu aliuona, uchungu ndio hakuuona.

Kama uko hapo, kwanza usimwekee kinyongo. Kusoma uso ni kazi ya ubongo kama kutembea, na upande wa kulia ndio hubeba sehemu kubwa. Ajali ya boda ikiumiza kichwa, Parkinson (ule ugonjwa wa kutetemeka), dementia (ule wa kupoteza kumbukumbu), zote zinaweza kuleta hii shida. Wa Parkinson hata uso wake mwenyewe hukauka, unadhani amenuna na hajanuna, kwa hivyo muulize.

Sema hisia kwa mdomo. Usinune ukingoja aelewe, mwambie "baba nimeshtuka, umeacha gesi wazi", maneno mafupi na sababu ndani yake. Lakini usimwongeleshe kama mtoto, bado ni mzee wako. Kaa penye mwanga, zima TV, na kama stroki ilikuwa kulia anza kwa kukaa upande wake wa kulia juu wengi huwa hawazingatii vitu vya kushoto.

Alafu macho. Kuna mama mmoja wa Marekani, watafiti humwita S.M. tu, amigdala zake zote mbili, yaani visehemu vidogo ndani ya ubongo vinavyohusika na woga, ziliharibika, na mwaka wa 1994 wakaandika kwamba hatambui woga kwa uso wa mtu. 2005 ndio wakaona kumbe hakuwa anaangalia macho, na akiambiwa aangalie macho anautambua woga vizuri, ila wakiacha kumwambia anarudi palepale. Stroki sio ugonjwa wake, lakini mimi nilijaribu na nikaona inasaidia kidogo, sharti umkumbushe kila mara. Na kwetu kumwambia mzee "niangalie machoni" ni kama kukosa adabu, kwa hivyo nilimweleza kwanza nikaomba ruhusa, akacheka akasema sawa.

Wageni waambie wakiwa bado mlangoni, shangazi yangu alienda amekasirika juu hatukumwambia.

Ikianza ghafla, uso umeinama upande mmoja, mkono hauinuki au maneno yanakwama, usingoje asubuhi, tafuta gari muende hospitali saa hiyo hiyo. Ikiwa imekuja polepole kwa miezi na hakuwahi kupata stroki, mpeleke kwa daktari wa neva, na uandike kwa daftari kilichotokea na tarehe, juu mkifika pale mgonjwa atasema yuko sawa na wewe utakuwa umesahau yote.