Kupeleka watoto ukingoni mwa Menengai, hatua kwa hatua

Nakaa upande wa Kiamunyi, na kwa miaka kadhaa sasa kila likizo nakusanya watoto wa mtaani kwetu, wangu na wa majirani, tunaenda Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji wa Nakuru, asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mdogo kabisa niliyewahi kwenda naye alikuwa na miaka minne, na alitembea kwa miguu yake mwanzo hadi mwisho. Huwa nasikitika nikikutana na mtoto aliyezaliwa Nakuru, amefika darasa la sita, na Menengai anaijua kwa kuiona dirishani tu. Kwa hivyo wazazi wenzangu, hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Epuka Aprili na Mei. Mvua za masika hugeuza njia ya juu kuwa utelezi, na siafu nao huwa wamejaa njiani. Miezi ya Januari na Februari ni mizuri, ila vumbi lipo. Agosti watoto wako likizo, lakini mvua ya Nakuru mwezi huo hupenda kunyesha alasiri, kwa hivyo asubuhi ndiyo yako.

Toka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na nusu muwe mmeanza kutembea, na saa tano muwe mnateremka. Ukichelewa, jua la saa sita litakukuta ukingoni mahali pasipo na kivuli, na hapo hata mtoto mvumilivu huanza kulia.

Hatua ya 2: Panga mfuko

Maji ni lita moja kwa kila mtoto, na mtu mzima lita moja na nusu. Kule juu hakuna bomba wala kioski. Chakula kiwe cha kushika mkononi: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, njugu. Uji kwenye thermos unasaidia sana kwa wadogo, kwa sababu ukingo uko juu ya mita 2,000 na upepo wa asubuhi una baridi kuliko wa mjini. Kila mtoto avae sweta, kofia, suruali ndefu na soksi zilizovutwa juu. Upupu haujali umri. Viatu vya shule vilivyochakaa kidogo vinafaa, sandali hapana.

Simu iwe na chaji na pesa, maana msitu uko chini ya KFS, shirika la serikali la misitu, na malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen.

Hatua ya 3: Fika juu kwa gari, miguu iwe ya ukingoni

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaanzia mjini kwa miguu, wakipanda kutoka mita kama 1,850, na wakifika juu watoto wameishiwa nguvu kabla ya kuona chochote. Kupanda huko ni kwa vijana. Ukiwa na watoto wadogo, kodi Probox au teksi ipite Milimani, iwapandishe kupitia mikaratusi hadi karibu na ukingo. Kubaliana na dereva saa ya kuwarudia kabla hajaondoka. Boda ya kupakia watoto watatu mlimani nakukataza kabisa.

Msiende familia moja peke yenu. Tafuteni familia mbili au tatu, na mchukue mtu wa kuwaongoza anayeujua msitu. Vichaka ni vingi na si kila kona ina watu.

Hatua ya 4: Panga msafara

Mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma. Nyuma tu ya yule wa mbele anakuja mtoto mdogo kuliko wote, na mwendo wake ndio mwendo wa msafara mzima. Wakubwa watalalamika. Wape kazi: mmoja abebe mfuko wa takataka, mwingine ahesabu ndege.

Sikuanza hivi. Mwaka wangu wa kwanza niliwaacha wavulana watangulie, nikidhani nitawaona mbele. Nilipokunja kona niliwakuta wamesimama pembeni kabisa wakirusha mawe chini, na udongo chini ya kiatu cha mmoja wao ulikuwa unamomonyoka kidogo kidogo, kokoto zikiteleza moja moja. Niliita jina lake polepole ili asishtuke. Alirudi. Tangu siku hiyo hakuna anayempita mtu wa mbele.

Hatua ya 5: Tembea, lakini simama mara nyingi

Kilomita tatu kwenda na kurudi kwenye njia ya ukingoni zinatosha. Kila dakika kumi na tano simameni, na kila kituo kiwe na kitu cha kushika.

Leleshwa ndiyo ya kwanza. Utaitambua kwa majani yenye rangi ya kijivu juu na weupe chini. Mtoto asugue jani moja viganjani kisha anuse: harufu yake ni ya kafuri, kali na safi, na itabaki mikononi hadi nyumbani.

Halafu mawe. Menengai ni volkano, na milipuko ya kale ilitapakaza mawe mepesi yenye matundu matundu pande zote. Mwambie mtoto aokote moja, alipime mkononi, kisha alitie kwenye kifuniko cha chupa kilichojaa maji. Jiwe linaelea. Nimewaona watoto wakirudia jambo hilo mara kumi, wakilizamisha kwa kidole na kuliachilia, na kila linapoibuka wanapiga kelele upya. Ukiwaeleza kwamba ni povu la mawe yaliyoyeyuka, likapoa hewa ikiwa bado ndani, hata wa darasa la pili anaelewa. Mawe tunayaacha palepale.

Kwenye miamba tafuteni pimbi wakiota jua. Kaeni kimya dakika mbili, watatoka wenyewe. Mkiona nyani, chakula kirudi mfukoni na zipu ifungwe.

Hatua ya 6: Kaa kwanza, ndipo utazame

Hii ndiyo sheria ninayoishika kuliko zote. Mkifika mahali pa kutazama kasoko, yaani shimo kubwa la volkano, watoto wote wakae chini hatua kumi za mtu mzima kutoka ukingoni. Kisha wapeleke wawili wawili, ukiwashika mkono, na wakifika wakae tena. Hakuna kusimama, hakuna picha za kurudi nyuma nyuma.

Wengi hutarajia ziwa au moto. Watakachoona ni bonde la kilomita 12 kwa 8, karibu mita 500 kwenda chini, limejaa mawe meusi ya lava na vichaka, na huku na huku mvuke mweupe ukitoka ardhini. Joto hilo la ardhini ndilo GDC, kampuni ya serikali ya nishati ya jotoardhi, ilianza kulichimbia visima mwaka 2011. Wazee wana maelezo mengine: jina Menengai husemwa ni la Kimaasai, mahali pa maiti, kutokana na vita vya Wapurko na Walaikipia, makundi mawili ya Wamaasai, karne ya 19, na kwamba mvuke ule ni roho za mashujaa walioanguka humo, zikitafuta njia ya kupanda mbinguni. Wasimulie yote mawili.

Wageuze pia upande wa pili, waone mji wao na Ziwa Nakuru chini kule. Watatafuta nyumba zao. Wape muda.

Kushuka ndani ya kasoko msijaribu na watoto. Mteremko ni mkali, mawe yanateleza, na kupanda kurudi ni kazi ya saa nyingi juani.

Hatua ya 7: Rudi wakiwa bado na nguvu

Geuka saa nne, hata kama wanaomba dakika tano zaidi. Kula mnapofika kwenye kivuli cha miti, si ukingoni penye upepo. Kabla ya kuingia kwenye gari hesabu watoto, hesabu chupa, kisha wakague nyuma ya magoti na ndani ya soksi kama kuna kupe. Gari litanuka leleshwa, maana kila mfuko utakuwa na jani.