Ukiletewa meseji kwamba "kirusi hiki ni silaha": namna ya kuichuja, na cha kufanya nyumbani

Ukitangazwa tu mlipuko, iwe Ebola, Marburg au mpox, hazipiti siku mbili magrupu ya WhatsApp yanajaa voisi noti za mtu anayesema kirusi kimetengenezwa, kimeletwa kutupunguza, na chanjo ndo silaha yenyewe. Siandiki hapa kumcheka anayeogopa, maana hofu hiyo ina historia yake na nitaieleza, naandika kwa sababu hofu hiyo hiyo ndo inamfanya mtu amfiche mgonjwa chumbani badala ya kuita wataalamu, na hapo ndo familia nzima inaisha.

Kwanza jiulize huyo mtu anadai nini hasa. Meseji nyingi zinachanganya mambo matatu kwenye chungu kimoja: kirusi kilichotoka kwa wanyama, kirusi kilichoponyoka maabara kwa uzembe, na kirusi kilichoachiwa makusudi kuua watu. Marburg kwa mfano inakaa kwa popo wa matunda wanaoishi mapangoni na migodini, ndo chanzo chake. Kuponyoka maabara nako kupo, mwaka 1978 ndui ilitoka kwenye maabara ya chuo kikuu Birmingham, Uingereza, ikaua mtu, wakati mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui nje ya maabara alikuwa ameshapatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Na silaha zipo pia, tusidanganyane. Mwaka 1979 vimelea vya kimeta vilivuja kwenye kiwanda cha jeshi Sverdlovsk, Urusi ya zamani, wakafa watu wasiopungua 66, serikali ikasema ni nyama mbovu, na mpaka 1992 ndo Rais Yeltsin akakubali kwamba jeshi ndo lilihusika. Makaburu wa Afrika Kusini walikuwa na mradi wao wa siri wa silaha za sumu na vimelea ulioitwa Project Coast, mambo yake yakaanikwa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1998. Marekani mwaka 2001 barua zenye kimeta ziliua watu 5. Kwa hiyo akija mtu kukwambia vitu hivi havijawahi kutokea duniani, huyo naye hajui. Ila angalia hapo, kimeta ni bakteria, siyo kirusi, na haisambai mtu kwa mtu kama mafua.

Ukishajua anadai nini, shika tarehe. Hii ndo njia ninayoiamini kuliko zote maana haihitaji udaktari. Chukua ule uvumi ambao wengi wetu tumekua nao, kwamba UKIMWI ulitengenezwa kwenye maabara ya jeshi la Marekani pale Fort Detrick. Uvumi huo ulipandikizwa na KGB, shirika la ujasusi la Urusi, kupitia gazeti moja la India linaitwa Patriot, mwezi Julai 1983, halafu mwaka 1985 gazeti la Urusi lenyewe likaurudia na ukazunguka dunia nzima mpaka kwetu. Sasa weka tarehe mezani. Sampuli ya damu yenye VVU iliyochukuliwa Kinshasa ni ya mwaka 1959. Utaalamu wa kukata na kuunga vinasaba maabara umeanza miaka ya 70 mwanzoni. Mtu angekitengenezaje kirusi mwaka 1959 kwa utaalamu ambao haujazaliwa? Fanya hivyo hivyo kwa meseji uliyoletewa: ugonjwa ulionekana lini mara ya kwanza, wapi, na huyo anayetuhumiwa alikuwa wapi wakati huo. Ebola yenyewe ilijulikana 1976 kijiji cha Yambuku, Kongo (wakati huo Zaire), wakafa watu 280 kati ya 318 waliougua, na mlipuko ulikua kwa sababu hospitali ya misheni pale ilikuwa na sindano chache zinazotumika kwa mgonjwa huyu na yule.

Halafu angalia ugonjwa unaambukizaje. Ebola na Marburg hazirushwi hewani kama surua, unaipata kwa kugusa damu, matapishi, kuhara, jasho au mwili wa mgonjwa au wa aliyekufa, au shuka zake. Na mtu haambukizi kabla hajaanza kuumwa. Dalili zinaanza kati ya siku 2 na 21. Maana yake ni kwamba aliye hatarini zaidi ni yule anayemwuguza: mama, dada, nesi, na wale wanaoosha maiti. Siyo wewe uliyepita naye barabarani. Kuna dini moja ya Japani, Aum Shinrikyo, ile iliyomwaga gesi ya sumu kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, mwaka 1992 kiongozi wao alienda Zaire na wafuasi wake, walikuwa wanaitafuta Ebola, hawakuambulia kitu. Walikuwa na hela na wanasayansi pia. Kwa hiyo ukisikia eti watu fulani wanaipuliza Ebola mtaani usiku, hiyo weka pembeni.

Sasa suala la kuhakikisha kama mlipuko upo au haupo. Tafuta tangazo la wizara ya afya, la WHO (shirika la afya duniani) au la Africa CDC (shirika la afya la Umoja wa Afrika), na ukilipata angalia vitu vitatu: jina la wilaya, tarehe, na kama maabara imethibitisha. Meseji isiyotaja hata kimoja usiifowadi. Tanzania unaweza kupiga 199 bure ukauliza, Kenya 719. Lakini kuna kitu lazima niseme wazi hapa, serikali nazo zinachelewa au zinasitasita. Januari 2025, Biharamulo mkoani Kagera, WHO ilitoa taarifa ya kushuku Marburg tarehe 14, wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazina kirusi, na tarehe 20 Rais Samia mwenyewe akatangaza kwamba Marburg imethibitishwa. Mwisho wa yote walihesabiwa wagonjwa 10 na wote walifariki. Kwa hiyo "haijathibitishwa" siyo sawa na "haipo". Katika zile siku za katikati, ishi kama vile ipo: nawa mikono kwa sabuni, punguza kushikana na wagonjwa, na usioshe maiti ambayo hujui imekufa na nini.

Hapa ndo nataka tukae kidogo, maana watu wanaruka hii sehemu. Ukiwa na mtu nyumbani ana homa kali ya ghafla, kichwa, mwili kuuma, kulegea, kutapika na kuhara, na mpo eneo lenye mlipuko, usisubiri kuona damu ikitoka maana wengi hawatokwi damu kabisa, na usijipe moyo kwamba ni malaria tu kwa sababu mwanzoni zinafanana mno. Mweke chumba chake. Chagua mtu mmoja tu wa kumhudumia, asiwe mjamzito, na vyombo, godoro na shuka zake zisichanganywe na za wengine. Mpe maji na ORS ajinywee mwenyewe kama anaweza. Piga simu waje na gari, usimpakie bodaboda wala daladala. Matapishi usiyashike mikono mitupu, kama huna glovu na klorini subiri wataalamu wayashughulikie. Halafu andika kwenye karatasi majina ya wote waliomgusa toka alipoanza kuumwa, hiyo karatasi ina thamani kubwa sana, timu ikija inaanzia hapo hapo. Na akifariki, jamani, najua ni vigumu kuambiwa usimwoshe mzazi wako, lakini waachie wenye mavazi maalumu, omba tu mzee wa familia, shehe au mchungaji asimame kwa mbali amwombee, hilo linaruhusiwa na mna haki ya kulidai.

Kwa nini nakazania kuwahi? Angalia ugonjwa ule ule mmoja, Marburg. Uige, Angola, mwaka 2004 na 2005, waliugua 252 wakafa 227. Rwanda mwaka 2024 waliugua 66, wengi wao wahudumu wa afya, wakafa 15. Tofauti kubwa ni kwamba Rwanda watu waligundulika mapema, wakapewa maji ya kutosha mwilini, dawa za majaribio na uangalizi wa karibu.

Na uvumi unaua hivi. Mashariki ya Kongo, Beni na Butembo, kwa ndugu zetu wanaoongea Kiswahili hiki hiki, Ebola ilitangazwa Agosti 2018 katikati ya vita. Disemba uchaguzi ukaahirishwa kwao mpaka Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati nchi nzima inapiga kura. Watu waliochinjwa miaka yote bila msaada wakaona magari mapya ya riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, yanapita, lazima waulize haya yote yametoka wapi leo. Utafiti uliofanyika kule ulikuta mtu mmoja katika kila wanne haamini kama Ebola ipo. Vituo vya matibabu vikachomwa moto Katwa na Butembo, wagonjwa wakakimbia, na mlipuko ukaenda mpaka Juni 2020, umeshaua watu 2,287. Na chanjo ilikuwepo, inafanya kazi. Mimi siwalaumu wale wananchi hata kidogo, nalaumu waliowanyima sababu ya kuamini.

Kwa hiyo ukitaka kumjibu mtu kwenye grupu usimwite mjinga, hataelewa kitu. Andika hivi: "Shangazi nimeipata, naelewa unavyoogopa. Hata kama kuna mtu kakileta kirusi hiki, dawa yake kwetu ni ile ile, mtu asimguse mgonjwa bila kinga na tupige 199. Nani mwenye homa hapo nyumbani?" Swali la mwisho ndo muhimu, linamrudisha kwenye watu wake. Ukiweza mpigie kabisa, sauti inasaidia kuliko kuandika.

Mlipuko wa Ebola au Marburg unatangazwa kuisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Aliyepona akirudi na cheti chake mpe mkono, kula naye, nunua dukani kwake kama zamani. Tahadhari inayobaki hasa ni kwa mwanaume, kirusi kinaweza kukaa kwenye shahawa miezi mingi, kwa hiyo atumie kondomu na aende kupimwa mpaka waliomtibu wamwambie basi.